Kutembea ndani ya vitabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sanaa ya ulimwengu pepe, kutoka Lubumbashi

Kila Jumamosi mchana tunakutana nyumbani, komini ya Kamalondo, watu sita au saba mbele ya kompyuta moja. Mmoja anasoma kipande cha kitabu kwa sauti. Halafu tunaingia Second Life, ulimwengu pepe, yaani wa kuchorwa ndani ya kompyuta, kuona jinsi msanii wa mbali alivyokigeuza kitabu hichohicho kuwa mahali pa kutembea. Wageni wanauliza yaleyale kila mara, na wengine wananiandikia kutoka Likasi, Kolwezi na Goma. Majibu nimeyaweka hapa ili Jumamosi ibaki ya kusoma.

## Ya mwanzo

Sanaa hii ni nini hasa?

Ni kazi ya sanaa unayoingia ndani yake, si ya kutazama ukutani. Msanii anajenga msitu, chumba, bahari, mwanga na sauti ndani ya ulimwengu pepe. Wewe unaingia ukiwa na mwili wa kuchorwa unaoitwa avata: unatembea, unapanda ngazi, unakaa, hata unaruka juu. Si mchezo wa kushinda. Hakuna pointi, hakuna adui, na hakuna anayekuhimiza.

Mfano utasaidia. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe alitoa hadithi ya mtawala aliyejifungia na rafiki zake katika jengo moja ili kukimbia tauni. Ndani mna vyumba saba, kila kimoja na rangi yake, kuanzia cha buluu upande wa mashariki hadi cha mwisho upande wa magharibi, cheusi, chenye vioo vyekundu kama damu. Poe anasema vyumba hivyo vimepindapinda, huwezi kuviona viwili kwa wakati mmoja. Ukisoma, sentensi hiyo unaipita bila kuijali. Ukitembea, inakushika: kila kona inakuficha kinachokuja, na unapofika kwenye kioo chekundu unatambua kwamba hakuna aliyekusukuma, miguu ni yako.

Ulimwengu pepe gani?

Mara nyingi ni Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Ardhi yake imegawanywa katika mikoa ya mraba, kila mmoja mita 256 kwa 256. Hiyo ni kama viwanja tisa vya mpira vikiwekwa pamoja, na msanii mmoja anaweza kuujaza mkoa mzima kwa kitabu kimoja. Ipo pia OpenSimulator, iliyoanza 2007, ambayo ni ya wazi na ya bure kabisa. Hiyo nimeieleza kwenye sehemu ya kujenga, kwa sababu kwetu sisi ina faida kubwa.

Nahitaji miwani ya uhalisia pepe?

Hapana. Linden Lab walijaribu ulimwengu mwingine wa miwani, Sansar, wakaufungulia watu wote mwaka 2017 na kuuuza mwaka 2020. Second Life unaitazama kwenye skrini ya kawaida. Kinachokuzamisha ni sauti, kwa hiyo tafuta spika nzuri kidogo au vipokea sauti vya masikioni.

Lazima niwe nimekisoma kitabu kwanza?

Si lazima, lakini soma walau ukurasa mmoja. Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote yaliyomo humu, na sababu yake niliipata kwa Dante, mshairi wa kale wa Italia.

Watu wengi wanajua kwamba Dante aliandika kuhusu jehanamu na kwamba ina duara tisa. Wanaingia wakitarajia moto mpaka chini. Lakini Dante hakuandika hivyo. Moto upo njiani, ila kule chini kabisa alikomweka Shetani kuna ziwa lililoganda, na linagandishwa na upepo wa mabawa ya Shetani mwenyewe. Nimetembelea kazi zilizojaza moto kila ngazi. Zinapendeza kwa dakika tano. Nimetembelea pia moja ambayo, kadiri unavyoshuka, mwanga mwekundu unafifia, sauti za watu zinapungua, na mwishoni unasimama juu ya barafu pasipo sauti yoyote isipokuwa upepo. Dada mmoja wa kikundi chetu, mzaliwa wa Goma, aliyeona Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002 na tena 2021, alitueleza baadaye kwamba moto hakuuogopa, kwa sababu anaujua. Ule ukimya wa barafu ndio uliomfanya aombe tutoke.

Asiyesoma angeona barafu na kudhani msanii amekosea. Aliyesoma aliona kwamba msanii naye amesoma. Kutembea huku ni namna ya kusoma, na unaona zaidi ukiwa na maneno kichwani.

## Kompyuta, mega na umeme

Nina simu tu. Nitaweza?

Kampuni imetoa programu ya simu, nayo inatosha kuingia, kuongea na watu na kuona sura ya mahali. Kazi kubwa za sanaa hazionekani vizuri hapo: mwanga unarahisishwa na kamera ni ngumu kuizungusha. Mkiwa na simu tu, fanyeni kama sisi, watu wengi kwenye kompyuta moja. Anayeendesha avata hana haki ya kukimbia. Anakwenda kwa mwendo wa anayesoma.

Kompyuta ya namna gani?

Kinachohesabiwa ni kadi ya picha. Kompyuta ya ofisini isiyo na kadi yake itaingia, ila itakwamakwama. Kabla ya kuilaumu, fungua mipangilio ya picha na upunguze umbali wa kuona. Ukiuweka mita 64 badala ya 256, mashine inapumua. Mahali pengi pa sanaa ni vyumba na njia za msituni, hutapoteza kitu. Isipokuwa bahari na jangwa: hapo ukipunguza umbali unamnyima msanii upeo wake.

Itakula mega (bando la intaneti) nyingi?

Ndiyo, hasa mara ya kwanza. Kila ukuta, jani na kivuli hupakuliwa kutoka kwenye seva. Ukirudi mahali hapohapo inakula kidogo, kwa sababu vitu vimehifadhiwa kwenye kompyuta yako, katika hifadhi ambayo unaweza kuiongeza ukubwa kwenye mipangilio. Ongeza. Zima pia muziki na video za mahali kama hazihusiani na kazi. Muziki hutiririka muda wote hata ukiwa umesimama tu, na mega zinakwisha bila wewe kuona kipya.

Ushauri wangu: ingia peke yako usiku mmoja kabla, uzunguke mahali pote polepole, ili Jumamosi wenzako wasikae wakingoja kuta zijichore.

Umeme ukikatika katikati?

Avata yako inatoka tu. Hakuna kinachoharibika, na wageni wengine wanaona umetoweka. Ulichokijenga ndani ya Second Life kiko kwenye seva, utakikuta. Kilicho hatarini ni kazi unayoitengeneza kwenye programu ya kompyuta yako kabla ya kuipandisha kwenye seva. Hiyo ihifadhi kila dakika chache. Nilipoteza mlango mmoja wa kuchongwa hivyo, kazi ya siku tatu, na wa pili haukuwa mzuri kama wa kwanza.

Ni bure kweli?

Kujiandikisha ni bure, kuingia ni bure, na kazi nyingi za sanaa hazina kiingilio. Ndani kuna pesa zake, dola za Linden, zinazoandikwa L$, na dola 1 ya Marekani hupata karibu L$250. Utaona sanduku la kumchangia msanii. Kukodi ardhi hugharimu pesa za kweli kila mwezi, na msanii ndiye anayelipa, kwa hiyo L$50 si dharau. Ila malipo hupitia kadi au PayPal, si moja kwa moja kwenye M-Pesa, Airtel Money wala Orange Money. Sisi tunachanga faranga, mwenye kadi mmoja analipa.

Tangazo linasema uzinduzi ni saa saba mchana. Nilifika, hapakuwa na mtu. Kwa nini?

Kwa sababu saa za Second Life ni za California. Lubumbashi, Bukavu na Goma ziko mbele kwa saa 9 wakati wao wa kiangazi na saa 10 wakati wao wa baridi. Saa saba mchana kwao ni saa nne usiku kwetu, au saa tano usiku. Ndugu zetu wa Kinshasa watoe saa moja.

## Ukishaingia

Kila kitu ni kijivu na hakina umbo. Pameharibika?

Hapana, panapakuliwa. Simama. Usitembee, kwa sababu ukitembea unaomba vitu vipya kabla vya mwanzo havijafika. Hesabu pumzi hamsini.

Mimi naona mchana mweupe, wenzangu wanasema ni usiku na kuna ukungu. Nani yuko sahihi?

Wao. Msanii huchagua jua, mawingu na ukungu wa mahali pake, lakini programu yako inaweza kuwa imeshikilia mchana wako binafsi. Kwenye menyu ya mazingira chagua mazingira ya pamoja, na usiku utashuka mbele yako. Nusu ya watu walioniambia kwamba kazi fulani haikuwagusa walikuwa wameitazama chini ya jua ambalo halikuwa lake. Angalia hili kila mara unapofika mahali papya.

Nitazameje ili nisipitwe?

Jifunze kutenganisha kamera na mwili. Ukishikilia kitufe cha Alt, ukabofya kitu na kusogeza kipanya bila kukiachia, jicho lako linakwenda juu ya kabati, nyuma ya pazia, hadi kwenye barua iliyo mezani, na avata inabaki imesimama. Wasanii wanajua hilo na wanaficha vitu huko.

Utaona pia kwamba milango na viti ni vikubwa kupita kiasi. Ni kwa sababu kamera iko nyuma na juu ya kichwa chako. Nyumba ya vipimo halisi ingekubana. Ndiyo maana hadithi ya Alice, aliyoiandika Lewis Carroll mwaka 1865, inarudiwarudiwa kwenye ulimwengu huu. Msichana anayepungua hadi kushindwa kuufikia ufunguo ulio juu ya meza ya kioo: hapo msanii hahitaji maelezo yoyote, anajenga meza ya mita kumi, na wewe unatazama juu.

Maandishi yote ni ya Kiingereza.

Mengi ndiyo, mengine Kifaransa au Kiitaliano. Programu yenyewe unaweza kuiweka kwa Kifaransa. Mlangoni msanii huacha karatasi ya maelezo: ukibofya sanduku lake inaingia kwenye mzigo wako (hifadhi ya vitu vya avata), unaweza kunakili maneno na kuyatafsiri taratibu. Kwa vitabu vyenyewe tumebahatika kuliko watu wanavyodhani. Alice imo katika Kiswahili tangu mwaka 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tulisoma hotuba ya Antoni kwa Kiswahili tukiwa tumesimama kwenye uwanja wa Kirumi wa kuchorwa, na mpita njia mmoja akasimama kusikiliza hadi mwisho bila kuelewa neno.

Nikikuta watu?

Salimia kwa maandishi, kisha nyamaza. Maikrofoni ifunge, isipokuwa mkisoma kwa pamoja na mahali ni patupu. Usisimame mlangoni: wanaofika hutua hapohapo, juu yako.

Naweza kuja na wanafunzi wangu?

Umri wa chini wa kujiandikisha ni miaka 16, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi nje ya maeneo ya kiwango cha jumla, yaani yanayofaa watu wote. Kila mkoa una kiwango chake kimeandikwa juu ya skrini. Kisome kabla ya kitu kingine, kwa sababu kazi kadhaa za sanaa ziko kwenye mikoa ya watu wazima. Kwa darasa la wadogo, nenda mwenyewe kwanza, rekodi matembezi, uwaonyeshe.

## Vitabu vyao na vyetu

Mbona ni Alice, Dante na Poe daima? Vyetu viko wapi?

Swali hili huja mwishoni mwa kila Jumamosi, na ndilo linaloniweka macho usiku. Wajenzi wengi wanatoka Ulaya na Amerika, wanajenga walichokisoma utotoni. Hilo si kosa lao. Lakini sisi tunayo maandishi ambayo kama yangeandikwa kwa ajili ya ulimwengu huu yasingefaa zaidi.

Chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anauhutubia moyo wake, anauonyesha magofu ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya: nyumba za matajiri zilizojaa taa na vyombo vya kauri kwenye madaka (vishubaka) ya kuta, na sasa kwenye madaka hayo ndege wametaga, mende wanavuma, popo wananing'inia. Hii tayari ni ramani ya nyumba. Ningeijenga hivi: mgeni anaingia usiku wa karamu, taa zote zinawaka, sauti za watu chumba cha pili. Anapita hadi uani. Anaporudi kwa mlango uleule, ni nyumba ileile miaka mia baadaye, na daka alilolisifu lina kiota. Nani aliyekulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mgodi, akarudi ukubwani, atahitaji kuelezwa?

Au njoo karibu zaidi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, ukiwa bado unaitwa Élisabethville, kwa Kiswahili chetu chenyewe cha hapa, kwa niaba ya wale waliofanya kazi nyumbani mwa Wabelgiji. Hicho kwangu ni kitabu kikuu, sawa na chochote cha London. Ukikijenga, mgeni asiingie kwa barza ya mbele. Aingie kwa nyuma ya kiwanja, kwenye chumba kidogo cha boi, na auone mji wote kutoka pale: taa za sebule ya bwana kwa mbali, bomba la kiyeyushio juu ya miti, kengele inayomwita. Hapo ndipo kitabu kiliposimama kikitazama.

Na Tshibumba Kanda-Matulu, hapahapa, mwaka 1973 na 1974, alichora historia ya nchi nzima katika picha 101, moja baada ya nyingine, akizieleza kwa maneno. Alikuwa anajenga njia ya kutembea kabla hatujapata kompyuta.

Kazi nzuri lazima ifuate kitabu neno kwa neno?

La. Barafu ya Dante niliisifu kwa sababu ilifuata maana, si kwa sababu ilihesabu duara. Nimeona Odisei isiyokuwa na jahazi wala jitu la jicho moja: mkeka tu, uzi, na kitambaa kinachofumuka kila ukigeuka. Penelope, mke anayefuma mchana na kufumua usiku akimngoja mumewe, alikuwa pale mzima.

## Kujenga

Nataka kujaribu. Nianzie wapi bila ardhi?

Kwenye Second Life kuna mikoa ya kuchezea, wazi kwa wote, ambako unajenga na baada ya saa kadhaa vitu vinarudishwa kwenye mzigo wako. Hapo jifunze kusogeza, kukata na kupaka. Picha ya kawaida ya kupaka ukutani hulipiwa L$10 kuipandisha.

Kwa Lubumbashi, hata hivyo, napendekeza OpenSimulator. Unaiweka kwenye kompyuta yako au hata kwenye flashi, inaendeshwa bila intaneti, hulipi kupandisha picha, na mkoa wako una upana uleule. Unajenga miezi sita bila kununua mega moja, kisha unahamishia kazi mtandaoni ikiwa tayari. Maumbo magumu yatengeneze kwa programu ya Blender, nayo ni ya bure.

Kitabu cha zamani ni huru kutumiwa?

Maandishi ya Carroll na michoro ya John Tenniel, aliyefariki 1914, ni huru. Filamu ya Disney ya 1951 si huru: ukimpa Alice gauni la buluu kama la filamu ile unaingia kwenye mali ya wengine. Tafsiri nayo ina mmiliki wake. Shakespeare ni huru, lakini Kiswahili cha Nyerere, aliyefariki 1999, bado kina ulinzi.

Mtego mkubwa kwetu tuliosoma Kifaransa ni Mwanamfalme Mdogo wa Saint-Exupéry. Aliaga 1944, na sheria ya Kongo inahesabu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo hapa ni huru. Ufaransa bado inamlinda kwa miaka ya ziada kwa kuwa alikufa vitani, na Marekani inahesabu miaka 95 tangu kitabu kilipotolewa mwaka 1943. Second Life ni kampuni ya Marekani, na malalamiko yakifika kule kazi yako inaondolewa. Jenga jangwa, kisima na nyota. Usinakili michoro yake.

Naweza kupaka kuta kwa samaki wa mchoraji Pili Pili Mulongoy?

Usinakili. Wachoraji wa Hangar, shule iliyoanzishwa hapa mwaka 1946 na Pierre Romain-Desfossés, baadhi yao waliishi hadi juzijuzi: Mwenze Kibwanga alifariki 1999, Pili Pili 2007. Hesabu iliyo hapo juu inawalinda. Jifunze mkono wao, vile nukta zinavyojaza maji yote bila kuacha tupu, kisha chora samaki wako.

Nilirudi kwenye kazi niliyoipenda, nikakuta bahari tupu.

Kodi ya ardhi imekwisha, au msanii ameanza kitabu kingine. Hutokea mara kwa mara. Kwanza fungua wasifu wa msanii ulioko ndani, mara nyingi ameandika alikohamia. Usipompata, tafuta wageni waliorekodi. Ndiyo maana sisi tunapiga picha kila tunapotembea, na chini ya kila picha tunaandika jina la avata ya msanii, jina la kazi, mkoa na tarehe, pamoja na sentensi ya kitabu tuliyokuwa tukiisoma tuliposimama pale. Daftari liko Kamalondo, juu ya kabati la vitabu, na la pili limeanza.